Stata inayogoma inapojisikia

Gari lililokufa kabisa lina nafuu yake. Taabu ni hili langu: asubuhi linawaka ukigusa tu ufunguo, lakini injini ikishapata moto na ukalizima, ukitaka kuliwasha tena linapiga "ta!" moja, basi. Lisubiri kidogo, linawaka kama vile hakukuwa na neno. Ukilifikisha kwa fundi linawaka kila akijaribu, naye anabaki kukuangalia wewe.

Kila niliyemweleza alikuwa na dawa yake mfukoni. Badili betri. Badili stata, ile mota inayoizungusha injini wakati wa kuwasha. Badili swichi ya ufunguo. Huenda mmoja wao angepatia, ila ugonjwa wa kuja na kuondoka una ujanja wake: badili kifaa chochote, gari litatulia siku kadhaa nawe utaamini umepona. Nikaona bora nilivizie.

Ndani ya gari nimeweka daftari. Kila likigoma naandika kama injini ni moto au baridi, taa za dashibodi zimefifia au la, na mlio gani umesikika. Mlio ndio unaosema mengi. Ta-ta-ta-ta ya haraka haraka mara nyingi ni betri dhaifu au kichwa chake kimelegea. Kimya, na taa zinawaka vizuri, hapo utazame swichi, relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), au kwa gari la otomatiki ile swichi inayoizuia stata kama gia haiko P wala N. "Ta" moja nzito ina maana solenoidi, swichi ya sumaku inayoipa stata umeme, imevuta lakini mota haizunguki: kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka zimelika, vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimeungua, au umeme unabanwa mahali fulani njiani. Langu ni la "ta" moja, tena daima likiwa moto.

Betri niliipima mapema kwa kuwa ni kazi ndogo. Baada ya kulala usiku kucha ilisoma volti 12.6, imejaa, na stata ilipozunguka haikushuka chini ya 10. Nikaachana nayo.

Leo mchana limegoma mita ya kupimia volti ikiwa mkononi. Sidhani kama niliwahi kufurahia gari kukataa kuwaka! Mdogo wangu akakaa kwenye ufunguo, gia huru, breki ya mkono juu. Ncha moja ya mita nikaiweka kwenye nguzo yenyewe ya betri upande wa chanya, si kwenye kibanio cha waya kinachoishika, na ya pili kwenye bolti nene ya stata. "Washa!" Volti 0.3 tu ndizo zilizopotea njiani. Upande huo hauna kesi.

Nikahamia upande wa hasi, nguzo ya betri hadi kwenye mwili wa stata. "Washa tena!" Mita ikaruka hadi 3 na ushee. Mimi hata nusu volti naiona nyingi.

"Kaka, mbona kuna harufu?" akauliza kutoka ndani. Nilipogusa kebo ya akseleta, ilikuwa ya moto. Umeme uliokosa njia yake ulikuwa unajipenyeza kwenye kauzi kembamba ka kuvutia mafuta ili urudi kwenye betri.

Baada ya hapo ilikuwa kusogeza ncha tu, kiungo kwa kiungo. Nguzo hadi kibanio, hakuna kitu. Kibanio hadi bodi, hakuna kitu. Bodi hadi injini, volti zote ziko hapo. Ule mkanda wa waya wa kusukwa unaoiunganisha injini na bodi ulikuwa umezama kwenye grisi. Nilipofungua bolti nikakuta kutu chini yake, na nyuzi nyingi zimekatika karibu na kichwa. Zilizobaki zikipata joto, ukinzani unapanda, na stata inakosa nguvu.

Nimepiga msasa hadi chuma kikang'aa na kukaza vizuri. Injini ikiwa moto, mita sasa inasoma 0.4. Inatosha kwa muda, ila nyuzi zilizokatika hazirudi, kwa hiyo mkanda mpya, mnene zaidi, uko njiani.

Stata yenyewe sijaigusa. "Ta" ikirudi na mita ikasoma vizuri pande zote mbili, nitaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo huku mdogo wangu ameshikilia ufunguo. Ikizunguka baada ya kugongwa, kaboni ndizo zenye kesi, na inashushwa siku hiyo hiyo.