Upanga wa babu si wa samurai

Kila aliyeuona alisema, "Huu wa Kijapani, umetajirika!" Mjomba ndiye aliyezidi, alishaanza kupanga matumizi ya mamilioni. Jirani akanishauri niupige msasa ung'ae kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Ukisikia ushauri huo, kimbia. Msasa unakula weusi wa chuma cha kale pamoja na nakshi zake, na bei inaondoka navyo.

Babu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, Burma (sasa Myanmar), mvua na matope yakiwafika magotini, hadi mto Chindwin. Ndiyo maana wazo la samurai liliwaingia watu akilini. Lakini upanga wa Kijapani huwa na kisahani cha chuma kinachokinga mkono, na mpini wake huchomolewa: ukitoa kijiti cha mwanzi unauona msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia mpinini, pengine na jina la mhunzi. Huu wetu hauna kisahani wala kijiti. Mpini ni mrefu, wa mviringo, una pete za fedha, na msuka umegandishwa ndani kwa ulimbo. Fundi mmoja alitaka kuupasha moto autoe. Nikamnyang'anya.

Sasa sikieni ujanja wangu. Usiku nilizima taa zote, nikalaza tochi ya simu ubavuni mwa bapa, karibu iliguse. Mchana pale huoni kitu ila weusi. Mwanga ule wa pembeni ulipopita, nyuzi za fedha zikaibuka: watu, majani, kisha mstari wa herufi za duaraduara, kama pete zilizofungamana. Nilipiga ukelele, mke wangu akadhani nyoka! Herufi za Kiburma hizo. Upanga unaitwa dha, na nakshi za fedha za namna hiyo ni sifa ya mafundi wa Mindan, huko huko Burma.

Fedha aliithibitisha sonara kwa jiwe lake la kupimia. Muuza vitu vya kale alinitajia bei ya panga la shamba na nauli juu. Nikaacha kusikiliza bei zinazoombwa, nikatazama zilizolipwa kweli kwenye minada ya ng'ambo: dha za kawaida, dola mia kadhaa, zenye nakshi na maandishi hupita hapo, wakati mwingine hata elfu.

Mjomba amenuna. Anataka tumtafute Mjapani atoe maoni yake.