Siku Moja Maishani Mwangu: Mtengenezaji wa Sabuni za Nyumbani

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla watoto hawajaamka, ninaanza na kazi ya hatari, nayo ni kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Baada ya kuvaa glavu, miwani ya kinga na nguo ya mikono mirefu, ninafungua madirisha na kupima kila kitu kwa mizani: mafuta ya nazi gramu 1,000, maji gramu 370 na kostiki gramu 181. Vipimo vya vikombe sivitaki kabisa, kwa kuwa kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki, na gramu 1,000 za mafuta ya nazi humalizwa na takriban gramu 183. Kinachozidi hapo hubaki ndani ya sabuni na kuchoma mikono ya mfuaji. Kostiki ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, wala si maji juu ya kostiki, na sufuria ya aluminiamu haikaribii meza hii, kwa sababu huliwa na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka upesi.

Ifikapo saa mbili, maji ya kostiki, ambayo yalipata moto yenyewe bila jiko, yamepoa vya kutosha kuchanganywa na mafuta. Ninakoroga mfululizo, na ule uji mwembamba unazidi kuwa mzito mpaka tone linalodondoka kutoka kwenye mwiko linabaki juu, likiacha mchirizi unaoonekana, badala ya kuzama mara moja. Hapo ndipo ninapomimina kwenye kalibu, kwani nikiwahi, mafuta hujitenga.

Saa nne meza imekwisha kusafishwa, ndipo siki inapotolewa. Ninachanganya maji, spiriti na siki kidogo kwa ajili ya vioo, ila chupa hiyo haiguswi kwenye marumaru, ambayo huliwa na asidi. Wengi huniomba dawa ya siki na magadi ya kuokea kwa pamoja, wakivutiwa na povu lake. Lakini povu hilo ni kaboni dioksidi inayotoroka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu ya kusafisha. Magadi ninayaponda na sabuni ya maji kidogo yakasugue sinki, siki ninaiacha ifanye kazi yake peke yake. Dawa ya klorini siichanganyi na chochote isipokuwa maji, kwa maana ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na hiyo huharibu mapafu.

Saa saba mchana ninakatiza chakula nikaikate sabuni. Sabuni ya nazi tupu haingoji kesho: ingali na uvuguvugu hukatika vizuri, lakini ikishakauka hupasuka na kumeguka chini ya kisu.

Alasiri ni ya birika lenye ukoko wa chokaa, ambalo ninalichemshia maji yenye asidi ya sitriki na kulisuuza.

Saa kumi na moja jioni ninapanga vipande kwenye rafu yenye hewa, ambapo vitakaa wiki nne hivi vikipoteza maji, kisha ninaandika lebo: jina, viambato, tarehe. Dawa zangu za maji sizitii kwenye chupa za soda hata zikiwa safi namna gani, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi lebo.