Maandazi ya bibi na baridi ya Mbeya

Uyole, Jumapili jioni, Julai

Mama mdogo amenitumia kwa simu picha ya ukurasa mmoja wa daftari la marehemu bibi. Karatasi imelowa mafuta hadi maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Ni ukurasa wa maandazi: "Unga vikombe 4. Sukari nusu kikombe. Hamira kidogo. Iliki. Siagi kijiko. Maziwa ya kutosha. Kanda jioni, kaanga alfajiri."

Basi, hakuna zaidi. Wengine wanasema bibi aliandika nusunusu. Mimi naona aliandika yote ambayo mtu wa huku anayahitaji.

Tuanze na hiyo "hamira kidogo". Mbeya mjini iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huu joto la usiku hushuka hata chini ya nyuzi 10. Hamira ni kitu chenye uhai, na baridi huichelewesha. Unga uliokandwa saa mbili usiku unaumuka taratibu hadi alfajiri bila kuchacha, na huko kuchelewa ndiko kunakoupa andazi ile ladha nzito ambayo hamira nyingi ya haraka haiwezi kuitoa. Tena huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo unga huvimba kwa urahisi kuliko pwani. Bibi hakuyasoma hayo popote. Alichota hamira kwa ncha ya kijiko, akafunika beseni kwa kanga, akaenda kulala.

Maziwa nayo yana habari yake. Pwani wanakandia tui la nazi. Huku nazi huletwa na magari, ilhali ng'ombe wa maziwa wako kila kijiji cha Rungwe. Bibi aliyachemsha kwanza, kisha akangoja yawe vuguvugu. Kuchemsha huondoa nguvu ya protini fulani ya maziwa mabichi inayoulegeza unga. Kungoja ni kwa ajili ya hamira, maana joto likipita nyuzi 55 hivi inakufa. Na iliki aliitwanga pamoja na sukari kidogo kinuni, ili punje zisirukeruke na harufu isipotee. Harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha sisi wajukuu. Jogoo alikuja baadaye.

Kaanga alfajiri, kwa sababu wateja wake walikuwa watu wanaowahi soko la Mwanjelwa. Walitaka andazi la moto na chai kabla jua halijatoka.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, yuko Dar es Salaam. Aliufuata ukurasa huu neno kwa neno, unga ukaamka umechacha na kumwagika mezani. Akapiga simu kusema bibi alikosea. Iliniuma. Bibi aliandika kwa usiku wa Mbeya, na usiku wa Dar ni mwingine kabisa.

Mama mdogo anataka tuuandike upya kwa gramu. Hapo nakubaliana naye, maana kikombe cha bati cha bibi kipo kimoja tu na wajukuu tumetawanyika. Amekijaza unga akaupima: gramu 150. Kwa hiyo unga ni gramu 600, sukari kama gramu 120, maziwa kama mililita 320, ukiongeza kidogokidogo kadiri unga unavyonywa. Hamira, robo kijiko cha chai. Lakini maneno ya bibi mwenyewe yasifutwe hata moja. Tuandike pembeni yake.

Kwa wa pwani nimeandika hivi: ukitaka kukaanga siku hiyohiyo, weka hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, ngoja unga uwe mara mbili ya ulivyokuwa, sukuma, kata, kaanga kwa moto wa wastani. Ukitaka ladha ya bibi, baki na robo kijiko, acha unga nje kwa muda wa saa tatu hivi uanze kuumuka, kisha ufunike vizuri uingie friji hadi asubuhi. Ukiutoa, uache upoteze ubaridi kabla ya kuusukuma.

Mama mdogo anasafiri kwenda Dar wiki ijayo. Amesema atalala kwa binamu, watakanda wote jioni, na kikombe cha bati anakwenda nacho.