Usiku Ambao Theluji Haikuganda

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshaegesha Loveland Pass, mahali barabara inapovuka milima, mita 3,655 juu ya bahari. Nilipofungua mlango wa gari moyo ukashuka. Hewa ilikuwa vuguvugu, na angani hapakuwa na nyota hata moja.

Huku Colorado, mwishoni mwa Aprili, safari nzima inategemea usiku uliotangulia. Mchana jua huyeyusha theluji na maji yakapenya ndani. Usiku, anga ikiwa wazi, joto hupotelea juu na yale maji hugandisha chembe zote pamoja hadi mteremko unakuwa mgumu kama sakafu. Unaupanda alfajiri, unashuka kwa ski pale jua linapolainisha sentimita chache za juu, na adhuhuri haikukuti mlimani. Lakini mawingu yakitanda, joto halina pa kutokea.

Nilikanyaga theluji kando ya barabara, buti likazama hadi katikati ya muundi. Mwenzangu, Mkenya aliyeizoea milima hii miaka mingi kabla yangu, akakanyaga naye akazama vilevile.

"Haijaganda, ndugu yangu. Leo hatupandi."

Nilitaka kubisha. Jumamosi hii niliingoja wiki tatu. Nimekulia Moshi, na tangu utotoni nilisikia wapagazi wakieleza kwa nini wageni hupandishwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku wa manane: changarawe iliyoganda hushika mguu, ikiyeyuka kila hatua inakurudisha nyuma. Kule kosa hilo ni uchovu. Huku mteremko tuliokuwa tumeupanga una nyuzi 35, na maporomoko mengi ya theluji huanzia kati ya nyuzi 30 na 45.

Kilichonifunga mdomo ni Sheep Creek, bonde lililo karibu na tulipokuwa. Tarehe 20 Aprili 2013 watu sita walipita pale. Taarifa ya hatari ya siku hiyo walikuwa wameisoma, vifaa walikuwa navyo, na walikuwa wakivuka kuelekea kwenye miti waliyoamini ni salama. Theluji nzito ya masika ilikuwa imelala juu ya tabaka la chini lisiloshikana, chembe zake kama sukari. Mteremko wote ukang'oka, ukawafunika wote sita. Mmoja tu ndiye aliyetolewa hai.

Hilo ndilo huniumiza kila nikipita pale. Kifaa cha redio kinachovaliwa kifuani ili ukifukiwa upatikane, fimbo ya kuchomea theluji na sepetu vyote vinahitaji mtu aliyebaki juu. Siku ile hakubaki hata mmoja wa kuchimba.

Tukakaa garini na chai ya chupa. Kulipopambazuka, vidonge vya theluji vilianza kubiringika wenyewe kutoka chini ya miamba, vikikua kadiri vinavyoshuka. Sikuwa tena na la kubisha.

Tulishuka hadi kwenye uwanja tambarare kufanya mazoezi ya uokoaji. Mwenzangu akazima sauti ya simu yangu, akafukia mkoba wenye kifaa kinachotoa mawimbi, akaanza kuhesabu muda. Aliyefukiwa huwa na nafasi nzuri ya kutoka hai kwa dakika kama 10 za mwanzo, kisha nafasi hiyo hupungua haraka sana. Kuutafuta mkoba hakukunichukua muda. Kuchimba ndiko kulikonichelewesha, theluji ile ni nzito kama udongo uliolowa. Niliutoa dakika ya 13, mikono ikitetemeka.

Nikamwomba aufukie tena.