Siku moja ya kiangazi Arua: maji kwanza, mkono baadaye

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Naamka adhana ikimalizika. Mwezi wa kwanza hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alfajiri ina ubaridi wake, na umande umelala juu ya kila kilicholala nje. Kabla sijanawa uso natoka uani kutazama magari mawili ya wateja yaliyokesha kwetu yakingoja kuoshwa. Umande umekutana na vumbi la jana, vimekuwa matope mepesi yenye madoadoa.

Hii ndiyo saa inayoua rangi za magari mjini kwetu. Dereva anaamka, anakuta kioo hakioni mbele, anavuta kile kitambaa kinachokaa chini ya kiti tangu mwaka jana, anafuta kioo. Kisha, kwa kuwa kitambaa kimeshalowa, anaendelea na boneti, milango, mpaka buti. Gari linapendeza hadi jua lipande. Likishapanda, unaiona mikwaruzo ya duara imejaa kama utando wa buibui, na haitoki kwa maji tena.

Vumbi letu ni jekundu kwa sababu ya madini ya chuma, na ndani yake kuna chembe za mchanga mgumu. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Kisu cha kawaida kinafika kama 5.5. Basi anayefuta vumbi kavu anapitisha juu ya rangi kitu kigumu kuliko kisu. Na klia, ile vanishi inayoilinda rangi, kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu una kama 70. Nikimwambia mteja hivyo, hunyamaza kidogo akalitazama gari lake upya.

Saa moja asubuhi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ameshajaza mapipa mawili. Kiangazi hiki maji ya bomba yanakuja na kuondoka, kwa hiyo tunahesabu kila jerikani. Gari dogo nalitengea jerikani tatu, lita 60, na zinatosha ukijua pa kuzimwaga.

Mashine ya presha ninayo, lakini ninachokitegemea zaidi ni bomba la mgongoni la lita 16, lile ambalo wakulima hunyunyizia nyanya dawa. Nililinunua jipya na halijawahi kutiwa dawa ya wadudu hata tone, na yeyote atakayeniiga namwomba azingatie hilo. Linatoa maji laini kama manyunyu, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Ndoo zangu ni tatu: moja ya shampuu ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu, ya tatu ya magurudumu, na hiyo ya tatu haichanganyiki na wenzake kamwe. Chini ya ndoo mbili za kwanza nimeweka wavu wa plastiki niliokata kutoka kreti kuukuu na kulainisha kingo zake, ili mchanga ukizama ubaki chini yake na glavu isiuchote tena. Vitambaa vya maikrofaiba nimevianika ndani ya nyumba. Kabla ya kutumia chochote nakipitisha shavuni, kwa sababu shavu huhisi kichembe ambacho vidole vimeshakizoea.

Saa mbili

Hajati analeta Harrier yake nyeupe. Ililala chini ya mwembe.

"Salaam aleikum, Hajati."

"Aleikum salaam, mwanangu. Tazama alichonifanyia mwembe wangu."

Miembe ya Arua sasa imechanua. Chini yake gari hupata mambo matatu kwa usiku mmoja: unga wa maua (chavua), vumbi, na majimaji matamu yanayotolewa na vidudu vidogo vinavyonyonya maua na majani. Hayo majimaji ndiyo gundi. Yanashika chavua na vumbi vikawa ngozi moja. Na juu ya boneti ndege nao wameacha alama yao.

Naanza na kinyesi cha ndege, kwa kuwa kina tindikali na jua linakuja. Nalaza kitambaa kilicholowa juu yake, sikisugui, nakiacha dakika kumi. Wakati huo mdogo wangu ameshalivuta gari kivulini, upande wa ukuta, mbali na mti mwingine wowote.

Halafu maji matupu, kutoka paani kwenda chini. Tunamwaga taratibu, vumbi likatiririka jekundu hadi milangoni. Watu wengi hupunja hatua hii wakidhani ni kupoteza maji, kumbe ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kila chembe inayoondoka kwa maji ni chembe ambayo mkono wangu hautaiburuta.

Chavua ina tabia yake. Ganda lake la nje ni gumu sana, na chembe nyingi zina miiba au mikunjo ya kushikia. Ukiilowesha kidogo tu, kama umande unavyofanya, inaweza kuvimba na kupasuka, ikatoa uteute ambao jua huukausha kwenye rangi ukabaki kama doa. Kwa hiyo chavua inataka maji mengi kwa mara moja, au isiguswe kabisa. Nusunusu ndiyo hatari.

Baada ya maji matupu nabeba bomba mgongoni, sasa lina maji ya shampuu, nanyunyizia gari zima kuanzia chini kwenda juu ili nione nilipofika. Nahesabu dakika kama tano bila kuliacha povu likauke, kisha nasuuza tena kutoka juu. Mpaka hapa sijaligusa gari. Hajati, ambaye ameketi kwenye benchi na chai yake, anauliza kama tumelipwa kumwagilia bustani.

"Subira, Hajati. Tazama maji yanayotoka chini."

Anatazama. Ni mekundu kama chai aliyoishika, na yana ukingo wa manjano.

Ndipo nachukua glavu. Naichovya kwenye shampuu, napitisha paa kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Uzito wa glavu yenyewe unatosha. Nikimaliza kipande naigeuza upande safi, nikimaliza pande zote naisuuza kwenye ndoo ya maji matupu, naikamua, narudi kwenye shampuu. Paa, vioo, boneti, sehemu za juu za milango, na mwisho sehemu za chini, kwa kuwa huko ndiko matairi yanakorushia mchanga. Mistari iliyonyooka haizuii mkwaruzo, lakini mkwaruzo ulionyooka hauonekani kila upande kama wa duara.

Kukausha pia hatufuti. Nalaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti, nalipapasa, nalinyanyua.

Doa la ndege limetoka, limeacha kivuli chepesi sana. Namwambia Hajati ukweli, kwamba kivuli hicho klia imekwisha kukinywa, na sitakisugua kwa nguvu nikamletea kovu kubwa zaidi. Kesho nitalipaka gari waksi, litapata kinga. Na mwembe aubakizie kuku.

Saa nne

Teksi, tatu kwa mpigo. "Dada, nipige chapuchapu, abiria wananingoja." Kwa hawa najua sitapata nusu saa, kwa hiyo nawapa kilicho salama ndani ya dakika kumi: maji mengi, vioo, taa, magurudumu. Bodi siipitishi kitambaa. Gari linaondoka likiwa na vitone vya maji, na dereva mmoja ananung'unika kwamba mwenzangu wa barabara ya pili angemfuta kwa manyoya ya kuku. Najua. Mwenzangu huyo namheshimu, tunaazimana jerikani, lakini hili la manyoya tumelizungumza mara nyingi na bado hatujakubaliana.

Saa sita

Jua limefika utosini. Tunafunga. Naweka kiganja kwenye boneti ya gari lililokuja kwa miadi. Siwezi kukiacha pale hata kwa kuhesabu tano. Juu ya bati la moto povu hukauka kabla ya kusuuzwa, na maji ya kisima yana chokaa inayoacha duara jeupe kila tone linapokaukia. Mwenye gari anataka lioshwe sasa hivi. Namwomba alisogeze kivulini, afungue boneti, tule kwanza.

Tunakula enyasa, ugali wa huku kwetu, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim. Mdogo wangu ananiuliza kwa nini sitaki sabuni ya unga ya kufulia, mbona inatoa povu zuri na bei yake iko chini. Namwambia sabuni ile imeumbwa kukata mafuta na uchafu wa nguo, na kwenye gari inaondoa hata waksi. Rangi ikibaki bila waksi, vumbi la kesho linaing'ang'ania zaidi, na wewe ndiye utakayeiosha.

Saa nane

Premio nyeusi kutoka Koboko. Kwenye kibati cha gari rangi imeandikwa 202. Naiita rangi ya mtihani. Toyota nyingi za zamani zenye nyeusi hiyo hazina klia juu. Rangi yenyewe ndiyo uso, na ni laini. Ukiipitishia polishi, kitambaa kinatoka cheusi.

Miaka mitano iliyopita mteja aliniletea gari kama hili alfajiri ya harusi ya bintiye. Maji hayakuwapo. Nilichukua manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye fimbo, nikalifuta lote, nikafunga na maua. Saa saba mchana, mbele ya watu wote, jua lilionyesha kila mstari niliouchora. Mzee yule hakunigombeza. Alipitisha kidole kwenye boneti akanitazama. Polishi niliilipa mimi, na hata hiyo haikurudisha chochote, kwa sababu polishi hutoa mikwaruzo kwa kula rangi iliyobaki. Tangu siku ile sijalifuta gari kavu, na sitalifuta.

Kwa hiyo Premio hii naipa maji mara mbili ya kawaida. Nikimaliza namwita mdogo wangu, nawasha tochi ya simu, naishika karibu na mlango. Mikwaruzo ya zamani ipo, mipya haipo. Namwonyesha tofauti. Anainama muda mrefu.

Saa kumi

Land Cruiser iliyorudi kutoka upande wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Vumbi lake unaweza kuandika barua. Mtoto mmoja ameshaandika "nioshe" kwa kidole kwenye buti, na najua neno hilo litasomeka hata baada ya kuoshwa, kwa kuwa kidole nacho kimeburuta mchanga.

Hapa presha inafaa, mashine naiweka mbali na bodi, zaidi ya sentimita 30, mdomo wa kusambaza maji mapana. Kabla ya hapo nafungua boneti nitoe kwa mkono maua na majani makavu yaliyojaa chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia. Ukiyaacha, maji yatayasukuma kwenye mifereji, na unga wote wa maua utaingia ndani kupitia feni. Dereva amekuwa akipiga chafya njia nzima. Namtolea filta ya AC nyuma ya sanduku la dashibodi, naigonga mbali na gari. Wingu linalotoka linatufanya sote turudi nyuma. Anaahidi kununua mpya.

Saa moja jioni

Tumefua vitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaziba nyuzi na kuziacha hazishiki vumbi. Kilichoanguka chini hata mara moja kimehamia ndoo ya magurudumu.

Giza linaingia, na mwalimu mmoja anafika kutoka Paidha. Alikuwa kwa ndugu zake karibu na msitu wa Lendu, na misonobari ya kule imelipaka gari lake manjano tupu. Chavua ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa, ndiyo maana upepo unaibeba mbali, na ndiyo maana kesho nitaiona ikielea kwenye ndoo.

"Mwalimu, gizani sitaona ninachokifanya. Liache hapa, nitaanza kabla umande haujakauka."

Anakubali. Ila ni mtu mwangalifu, analipenda gari lake, na ameshatoa turubai kwenye buti. Yeye kona moja, mdogo wangu kona nyingine, wameshalivuta hadi nusu ya paa.

"Simameni hapo hapo. Msilivute."

Upepo ukipiga usiku, turubai hilo litasugua ule unga hadi asubuhi. Tunashika pembe nne, tunalinyanyua juu kabisa bila kuliburuta, tunarudi nalo nyuma hatua kwa hatua hadi lipite buti, na tunalikunja upande mchafu ukiwa ndani.

"Libaki uchi?" mwalimu anauliza.

"Libaki hivyo hivyo, mwalimu. Na asiliguse mtu."