Nilivyoacha kushindania bei ya mbao Mafinga

Nina kiwanda kidogo cha mbao Mafinga. Magogo ya paini nanunua kwa wenye mashamba ya miti wa huku Mufindi. Mpango wangu wa kwanza, wa mwaka 2019, ulikuwa na lengo moja: niongeze mashine, nipasue mara mbili ya zamani. Nikaongeza. Bei ikashuka, kwa sababu majirani nao walikuwa wamewaza hivyohivyo, na mnunuzi akifika na fuso lake anapita yadi kwa yadi akiuliza nani anapunguza.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu wa msumeno. Siku moja alizima dingdong, ile mashine ya kupasulia magogo yenye bledi ya duara, akachota vumbi la mbao kwa viganja viwili, akasema, "Mama, hizi ni mbao zako." Tukapima. Bledi ile ilikuwa inakula milimita 6 kila inapopita, na ubao wa inchi moja una milimita 25. Yaani kila ukipasua mara nne, karibu ubao mzima umeanguka chini, na gogo limeshalipiwa, dizeli imeshaungua. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nahangaika na bei za jirani, kumbe hasara naikanyaga kila siku.

Nikauza dingdong moja, nikajazia na mkopo, nikapata msumeno wa mkanda uliotumika. Huo unakula milimita 2.

Bado swali la namuuzia nani. Nikachagua maseremala wa Iringa mjini na Mbeya. Kilio chao nakijua: mlango unatoka leo umenyooka, baada ya miezi miwili umepinda, mbao ilikuwa mbichi. Nikajenga banda la kukaushia, mbao zinapangwa na vijiti katikati upepo upite. Hapo ndipo nilipoumia. Juni na Julai ukungu wa Mafinga unachelewa kuondoka, mbao hazikauki, pesa imelala bandani miezi mitatu na vijana wanasubiri mshahara. Nilivuka kwa kuendelea kuuza nusu zikiwa mbichi kwa wajenzi. Hizo za maseremala hazitoki mpaka kipima unyevu kisome chini ya asilimia 18.

Wiki iliyopita mnunuzi wangu wa zamani alizitaka zote za bandani, pesa taslimu mkononi. Zilisoma 23. Fundi akanitazama. Nikamwambia arudishie vijiti.