Marobota ya mitumba kwenye nyasi za Kassel

Maonyesho ya sanaa ya Documenta, mjini Kassel, Ujerumani, yalikuwa yametawanywa katika kumbi na viwanja 32, na tiketi yetu ilikuwa ya siku moja. Hesabu hiyo tuliipiga ndani ya treni kutoka Frankfurt, Jumamosi moja ya Agosti 2022, tumebanwa mlangoni kwa sababu kiangazi kile Ujerumani nzima ilikuwa ikisafiri kwa ile tiketi ya euro 9 kwa mwezi. Nilikuwa na shangazi, aliyekuja kunitembelea. Ameuza mitumba soko la Kongowea, Mombasa, zaidi ya miaka ishirini, na aliposikia kuna watu wa Nairobi waliojenga nyumba ya mitumba katika bustani ya Wajerumani, hakutaka tena habari za kupelekwa kuona makanisa.

Documenta ilianzishwa na Arnold Bode mwaka 1955. Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano, na hudumu siku 100. Ile ya 15 iliongozwa na ruangrupa, kundi la wasanii wa Jakarta, na neno lao kuu lilikuwa lumbung, yaani ghala la mpunga ambamo kijiji huweka ziada ya mavuno kwa ajili ya wote. Kwa hiyo walialika vikundi, vikundi vikaalika wenzao, hadi washiriki wakapita 1,500. Kwa mgeni wa siku moja jambo hili lina uzito wake. Kazi nyingi zilikuwa filamu, jiko, karakana, mahali pa kuketi na watu. Ukijipangia dakika kumi kila ukumbi, utarudi nyumbani na maumivu ya miguu tu. Tukaamua: asubuhi kumbi mbili za katikati ya mji, mchana bustani ya Karlsaue, na ng'ambo ya mto Fulda tukijaliwa nafasi.

Milango ilifunguliwa saa nne. Wengi walianzia jumba la makumbusho la Fridericianum, kwa kuwa ndilo linalokukabili ukifika uwanja wa Friedrichsplatz; nguzo zake zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi, na msanii Dan Perjovschi akazijaza michoro na maneno meupe. Foleni nayo ilikuwa pale. Sisi tulianza na ukumbi wa documenta Halle, hatua chache tu kutoka hapo, tukaingia bila kusubiri. Uwanja wenyewe ulikuwa na pengo: bango kubwa la kundi la Taring Padi lilikuwa limeondolewa mwezi Juni kwa sababu ya picha za chuki dhidi ya Wayahudi, na kelele za jambo lile zilifunika kazi nyingi ambazo hazikuhusika nalo. Nililisikitikia hilo, na bado nalisikitikia.

Mlango wa documenta Halle haukuonekana. Wajukuu Art Project, kundi la Mukuru, Nairobi, walikuwa wameuvika mabati yenye kutu na kuufanya njia nyembamba ya giza. Kosa la wageni pale ni haraka. Unatoka kwenye jua kali la Agosti, macho hayajazoea, unapita kama unapita ushoroba wa hospitali. Simama kidogo. Giza likianza kufunguka utaona misumari, maungio ya bati juu ya bati, na matundu madogo yanayopitisha mwanga, vilevile kama nyumba ya mabati saa sita mchana. Ndani, visu vilivyonolewa miaka na miaka hadi chuma kikabaki wembamba wa jani vilikuwa vimening'inizwa. Wajukuu walipewa tuzo ya Arnold Bode mwaka ule, na kwa macho yangu waliistahili kwa mlango ule peke yake.

Mbele kidogo kulikuwa na duka la Britto Arts Trust wa Bangladesh, vyakula vilivyofinyangwa, kushonwa na kufumwa, na zaidi ya hapo vijana wakiteleza kwa ubao wenye magurudumu. Tulipita upesi. Shangazi alikuwa akiuliza bustani iko wapi.

Karlsaue iko chini ya mteremko, na nyasi zake kiangazi kile zilikuwa za kahawia kwa ukame. Mbele ya jumba la Orangerie, jengo refu la manjano la enzi ya watawala wa Hessen, The Nest Collective, wale watu wa Nairobi, walikuwa wamejenga kibanda chao, “Return to Sender”, kuta zake marobota ya nguo kuukuu. Na hapa mwenye kujua biashara huona zaidi ya wengine. Robota la Kongowea lina kilo 45, limefungwa ndani ya plastiki, na unalilipia kabla hujalikata kamba. Fulana nyepesi zinaingia mia mbili na zaidi. Likija la makoti mazito, hamsini kwa shida, maana uzito umeliwa na koti zenyewe. Ukishalifungua, kamera zinauzwa kwanza, zile safi ambazo wateja hugombania. Ya mwisho ni fagia, yale mabaki yasiyotakwa, na fagia ndiyo inayoamua kama umekula faida au hasara.

Marobota ya Kassel yalikuwa makubwa zaidi, na nguo zimeachwa wazi ubavuni. Shangazi alichuchumaa, mikono nyuma ili asiguse, akayasoma upande mmoja hadi mwingine. Sufi zilizoota vinundu. Mpira wa kiuno uliokufa. Kitambaa cha nailoni kilichopauka upande wa jua, lakini ndani ya mkunjo rangi bado mbichi.

“Mwanangu, hapa hakuna kamera hata moja. Hii yote ni fagia.”

“Shangazi, ndivyo walivyokusudia.”

“Basi wamekusudia vizuri. Sisi huletewa hizi zimefunikwa.”

Ndani ya kibanda kulikuwa na filamu. Tuliikuta katikati, tukakaa hadi ikaisha, tukaianza upya, kwani ilizungushwa mfululizo na hapakuwa na haja ya kuikimbilia. Wauzaji na mafundi wanaeleza mambo ambayo shangazi ameyasema maisha yake yote: nguo zisizouzika huishia mtoni na jaani, na aliyezituma hazioni tena. Aliitikia kwa sauti, “Kweli kabisa,” na mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa mbele yetu akageuka kumtazama.

Alipotoka alimwendea kijana msimamizi, nikawa mkalimani. Alitaka kujua siku 100 zikiisha nani atayakata marobota kamba, na nguo zitakwenda wapi. Kijana alisema yeye yuko pale kwa kiangazi tu. Ng'ambo ya Fulda hatukufika. Treni ya jioni ilijaa vilevile, na shangazi alipata kiti Marburg.